Mistari ya mchoro wa kiufundi: jinsi ya kuisoma na kuichora bila kumchanganya fundi

Fundi wa mashine ya kukereza akiletewa mchoro wa flenji, yaani sahani ya duara yenye matundu ya bolti, kuna mambo matatu lazima ayajue kabla hajafunga chuma: umbo linaishia wapi, tundu linapita hadi upande wa pili au linakomea katikati, na kila kipimo kinaanzia wapi. Yote hayo anaambiwa na mistari. Aliyechora hayupo karakana, na mara nyingi wala hapatikani kwa simu. Mstari uliowekwa unene usio wake unaweza kumfanya fundi atoboe mahali pasipo na tundu, au aache tundu lililotakiwa.

Maelezo haya yanafuata ISO 128, kiwango cha kimataifa cha michoro ya kiufundi. Waliosoma kwa vitabu vya Kiingereza vya zamani walifundishwa BS 308, kiwango cha Uingereza kilichotoka mwaka 1927 na kurithiwa na BS 8888 mwaka 2000. Kuhusu mistari, viwango hivi vinakaribiana sana, kwa hiyo usiogope ukiona kitabu chako kinataja kile cha zamani.

Anza na unene

Wanaojifunza huwa wanakimbilia kukariri sura za mistari: huu umekatikakatika, huu una nukta. Ni afadhali uanze na unene, kwa sababu ndio unaoonwa kwanza na jicho, na ndio unaoharibiwa zaidi.

Mchoro wa mashine hutumia unene wa aina mbili tu, mnene na mwembamba, na mnene huwa mara mbili ya mwembamba. Kwa karatasi ya A4 au A3, chukua 0.5 mm kwa mnene na 0.25 mm kwa mwembamba. Kwa karatasi kubwa, chukua 0.7 na 0.35. Usichanganye jozi hizi katika mchoro mmoja.

Orodha rasmi ya unene ni 0.13, 0.18, 0.25, 0.35, 0.5, 0.7, 1.0, 1.4 na 2.0 mm. Kila namba ni kama mara 1.4 ya iliyoitangulia, na sababu iko kwenye karatasi zenyewe. Ukikuza A4 kuwa A3 kwenye mashine ya fotokopi, kila urefu unazidi mara 1.4, basi mstari wa 0.25 unatoka ukiwa 0.35, ambao nao ni unene halali. Ukipunguza, unarudi ulikotoka. Kwa hiyo, kama unajua mchoro wako wa A3 utapunguzwa dukani kwa steshenari uingie A4, uchore kwa 0.7 na 0.35. Mstari wa 0.25 ukipunguzwa unabaki 0.18, na fotokopi yenye wino hafifu inaufuta kabisa. Mchoro uliopunguzwa usipimwe kwa rula. Zisomwe namba zilizoandikwa.

Kalamu za wino za kuchorea zina rangi zinazotambulisha unene: nyekundu ni 0.18, nyeupe 0.25, njano 0.35, kahawia 0.5, bluu 0.7. Ukitumia penseli, mistari ya maandalizi ipige kwa 2H bila kukandamiza, mistari myembamba ya kudumu kwa H iliyochongwa vizuri, na minene kwa HB. Hapa pana kosa linalorudiwa kila siku: mtu anadhani mstari mwembamba ni mstari hafifu. Sivyo. Mistari yote ya mwisho inatakiwa iwe myeusi sawasawa; inatofautiana kwa upana tu. Penseli ya H ikiguswa kiuoga hutoa kijivu kisichoonekana kwenye fotokopi wala kwenye picha ya simu, na siku hizi michoro mingi inamfikia fundi kama picha ya simu.

Mistari utakayokutana nayo kila siku

Mstari mnene usiokatika ni wa kingo na mipaka inayoonekana. Ukiuona, jua kwamba ukisimama upande ule na kukitazama kitu chenyewe, ukingo huo ungeuona kwa macho.

Mstari mwembamba usiokatika una kazi nyingi, na wingi huo ndio unaowachanganya watu. Ni mstari wa kipimo wenye mishale, ni mistari midogo inayotoka kwenye umbo kupokea kipimo, ni mstari wa kuelekezea maandishi, na ni mistari ya mshazari inayojaza sehemu iliyokatwa. Unatumika pia mahali ambapo nyuso mbili zimeunganishwa kwa mviringo laini, mathalani kona ya chuma cha kusubu. Hapo hakuna ukingo halisi, basi huchorwa mstari mwembamba ambao haugusi mipaka ya umbo pande zote mbili.

Mstari mwembamba wa vistari ni wa kingo zilizofichika. Kistari kinakuwa mara 12 ya unene wa mstari na pengo mara 3. Kwa mstari wa 0.25 hiyo ni kistari cha mm 3 na pengo la mm 0.75. Kwa mkono, vistari vya mm 3 na mapengo ya mm 1 yanatosha, mradi yalingane tangu mwanzo hadi mwisho.

Mstari mwembamba wa kistari kirefu na nukta ni mstari wa kati. Unaonyesha mhimili wa kitu cha mviringo, katikati ya tundu, ulinganifu wa umbo, na duara ambalo matundu ya bolti yamepangwa juu yake. Kistari kirefu ni mara 24 ya unene, kisha pengo, nukta, pengo. Lazima utokeze nje ya umbo kidogo, mm 3 hadi 5, na usivutwe kutoka mwonekano mmoja hadi mwingine. Kwa tundu dogo ambalo vistari havipati nafasi, tumia mistari miwili myembamba isiyokatika inayopishana.

Hiyo minne inabeba sehemu kubwa ya mchoro wowote. Mingine hutokea mara chache. Kistari kirefu chenye nukta mbili huonyesha kifaa cha jirani kisichohusika na kazi, au mahali mkono wa mashine unapofika ukifunguka hadi mwisho. Mstari mnene wa kistari na nukta huwekwa sambamba na uso unaohitaji tendo maalumu, kwa mfano kuwa mgumu kwa moto. Mstari wa zigizaga, au ule wa kuchora kwa mkono huru, ni wa kuonyesha kwamba kitu kirefu kimekatwa ili kienee kwenye karatasi.

Mistari inapokutana

Hapa ndipo mchoro mzuri unapojitenga na mchoro wa kubahatisha. Tazama kona moja ya mstari wa vistari. Ikiwa vistari viwili vimekutana na kuunda pembe, fundi anaona kona na anajua ipo pale hasa. Ikiwa kwenye kona pameachwa pengo, kona yenyewe haipo. Kila msomaji ataikisia kivyake. Kwa hiyo, vistari viguse kila mahali panapokutana: vistari kwa vistari, na kistari kwa mstari mnene.

Kuna hali moja ya kinyume. Mstari wa vistari ukiwa unaendelea moja kwa moja kutoka mwisho wa mstari mnene, anza na pengo. Usipoacha pengo hilo, mstari mnene utaonekana mrefu kuliko ulivyo.

Mistari ya kati ipishane kwenye vistari virefu. Zikipishana nukta au mapengo, kituo cha tundu kinapotea, na mshika bikari hana pa kusimika sindano.

Mistari ikiangukiana mahali pamoja, mmoja tu huchorwa, kwa cheo hiki: ukingo unaoonekana kwanza, kisha ukingo uliofichika, kisha mstari wa kukatia (unaoonyesha mahali kitu kilipokatwa kwa ajili ya mwonekano wa ndani), kisha mstari wa kati, mwisho mistari ya kupokea vipimo. Mstari wa kati ukifunikwa na ukingo, sehemu yake inayotokeza nje ya umbo bado ichorwe.

Mistari miwili sambamba isikaribiane chini ya mm 0.7. Ikibana zaidi, kuza sehemu hiyo pembeni kwa skeli kubwa.

Mfano kamili: flenji yenye kitovu

Chukua flenji ya chuma: kipenyo cha nje mm 120, unene wa sahani mm 15, kitovu, yaani sehemu ya katikati iliyoinuka, cha kipenyo mm 50 kinachofanya kimo chote kiwe mm 40, tundu la katikati la mm 25 linalopita hadi chini, na matundu manne ya mm 12 kwenye duara la mm 90. Matundu mawili yako kushoto na kulia, mengine mbele na nyuma. Chora kwa skeli ya 1:1 kwenye A3 iliyolazwa.

Kabla ya kugusa karatasi, fikiri mwonekano wa mbele wa kawaida ungekuwaje. Tundu la katikati linaleta mistari miwili ya vistari, matundu ya kushoto na kulia yanaleta minne, tundu la mbele miwili, na la nyuma linaangukia juu ya la mbele. Jumla mistari minane ya vistari kwenye umbo la kimo cha mm 40. Inasomeka, ila kwa taabu. Ukikata flenji katikati, yote minane inaondoka. Basi mwonekano wa mbele uwe mkato.

Piga fremu: mm 20 upande wa kushoto, mm 10 pande nyingine. Unabaki na nafasi ya 390 kwa 277. Weka mhimili wa wima mm 140 kutoka fremu ya kushoto. Mkato uanze mm 35 chini ya fremu ya juu na uishe mm 75. Acha mm 50 kwa ajili ya vipimo. Mwonekano wa juu uchukue kuanzia mm 125 hadi 245, kituo chake kikiwa mm 185. Kisanduku cha jina kikae kona ya chini kulia. Mpangilio huu wa mwonekano wa juu kukaa chini ya ule wa mbele ndio unaofuatwa Ulaya. Marekani huuweka juu. Kwa hiyo alama ya mpangilio, ile ya koni iliyokatwa ncha, usikose kuichora ndani ya kisanduku.

Anza na mistari ya kati yote, kwa 2H, kwenye mionekano yote miwili. Kisha maduara ya mwonekano wa juu: 120, 50, 25, duara la bolti 90, halafu matundu manne ya 12. Pandisha vipimo kwenda kwenye mkato kwa setiskwea badala ya kuvipima upya, maana kila upimaji mpya ni nafasi mpya ya kukosea.

Wakati wa kukoleza, tangulia na maduara na tao, halafu mistari iliyonyooka. Ni rahisi kuuleta mstari ukutane na tao kuliko kulilazimisha tao likutane na mstari. Maduara ya 120, 50, 25 na manne ya 12 yawe manene. Duara la 90 libaki jembamba, la kistari na nukta, kwa sababu halipo kwenye chuma. Likichorwa kwa mstari mnene, fundi anaweza kulisoma kama mfereji na akauchimba.

Sasa mkato wenyewe, ambao una mitego miwili. Wa kwanza ni mistari inayovuka matundu. Watu wengi wanachora kuta za tundu la mm 25 halafu wanaacha juu na chini wazi. Lakini nyuma ya mahali ulipokata, nusu ya ukingo wa tundu bado inaonekana, na kwa mbele inaonekana kama mstari ulionyooka. Kwa hiyo mstari wa juu wa kitovu unapita mfululizo mm 50 yote, na mstari wa chini wa flenji unapita mfululizo mm 120 yote. Kadhalika juu ya kila tundu la bolti.

Mtego wa pili ni bega, pale kitovu kinaposimama juu ya sahani. Mstari wa uso wa juu wa sahani unatoka ukingoni na kuishia kwenye ukuta wa kitovu. Usiuvushe ndani. Ukiuvusha, umesema kitovu na sahani ni vipande viwili vilivyowekwa kimoja juu ya kingine, na fundi mwenye bidii ataleta mashine ya kuchomelea.

Jaza sehemu nne zilizokatwa kwa mistari ya mshazari ya nyuzi 45, myembamba, ikiachana mm 3. Sehemu zote nne ni chuma kimoja, basi mwelekeo na nafasi viwe vilevile, hata kwenye kipande cha pembeni chenye upana wa mm 9 tu. Kingekuwepo kifaa cha pili kilichogusana na flenji, kingepewa mwelekeo wa kinyume. Bolti, nati, shafti, rivethi na mbavu za kuimarisha hazijazwi mshazari zikikatwa kwa urefu wake. Ndani ya mkato usirudishe mistari ya vistari. Tundu la nyuma lililofichwa na chuma liachwe, kwa kuwa mwonekano wa juu umeshalionyesha.

Kwenye mwonekano wa juu onyesha ulipokata. Mstari wa kukatia unaangukia juu ya mstari wa kati wa mlalo, basi ndani ya umbo hauongezi kitu. Tokeza nje mm 10 kila upande, fanya ncha hizo ziwe nene, weka mishale inayoelekea juu ya karatasi, yaani kule mtazamaji anakotazama, na herufi A kila upande. Juu ya mkato andika A-A.

Mwisho vipimo. Mstari wa kwanza wa kipimo uwe mm 10 kutoka kwenye umbo, unaofuata mm 8 mbele yake, kifupi kikae ndani na kirefu nje ili mistari isikatane. Mistari ya kupokea kipimo ivuke mshale kwa mm 2. Namba ziwe na kimo cha mm 3.5. Mstari wa kati unaruhusiwa kurefushwa upokee kipimo. Kuugeuza uwe mstari wa kipimo hairuhusiwi kamwe. Matundu manne yaandikwe mara moja tu: 4×Ø12, pamoja na Ø90 kwenye duara lake (Ø ni alama ya kipenyo).

Kama matundu yana uzi

Tuseme matundu yale yamebadilishwa kuwa M12, yaani yenye uzi wa skrubu wa kipenyo cha mm 12. Toboo la awali ni mm 10.2, kisha tapu, kifaa cha kukatia uzi, inaingia. Kwenye mkato, mstari mnene uwe wa 10.2 na mwembamba uwe wa 12. Mshazari hauishii kwenye mstari mwembamba, unapenya hadi ule mnene. Kosa la kuusimamisha mapema ni la kawaida mno, na linalifanya tundu lisomeke kuwa la mm 12 lisilo na uzi. Kwenye mwonekano wa juu, duara kamili nene ni la 10.2, na nje yake robo tatu ya duara jembamba la 12.

Kwa bolti mambo yanageuka: mnene ni wa nje, 12, na mwembamba ni wa ndani, na ile robo tatu ya duara inaingia ndani. Kanuni moja inatosha kwa yote mawili: mnene ni pale kidole kingegusa chuma kikipita.

Ukihamia ramani ya nyumba

Ramani za majengo zina unene wa aina tatu, kwa uwiano wa 4:2:1, mathalani 0.7, 0.35 na 0.18. Ukuta uliokatwa ni mnene kuliko vyote. Ngazi, sinki na fremu ni za kati. Vipimo, mshazari na tao la mlango ni vyembamba.

Jihadhari na vistari. Kwenye ramani ya sakafu, jengo limekatwa kiasi cha mita moja na kidogo juu ya sakafu, na mtazamaji anatazama chini. Vistari vinavyozunguka nyumba nje ya kuta si vitu vilivyofichwa chini. Ni ukingo wa paa ulio juu ya kichwa chako. Aliyezoea michoro ya mashine anaweza kudhani ni msingi mpana uliozikwa na akamwagiza kibarua achimbe.

Kwenye kompyuta

AutoCAD, programu ya kuchorea, haikusaidii kama hujaiambia. Mistari ya ACAD_ISO02W100 na ACAD_ISO04W100 imetengenezwa kwa unene wa mm 1: ule wa kwanza ni wa vistari vya mm 12, wa pili ni wa kistari kirefu cha mm 24 na nukta, na pengo ni mm 3 kwa yote miwili. Kwa mstari wa 0.25, weka LTSCALE, kizidisho cha urefu wa vistari, iwe 0.25, na kwa ule wa kwanza utapata mm 3 kwa 0.75. Kama unachapa kutoka kwenye ukurasa wa mpangilio, weka mpangilio wa PSLTSCALE uwe 1 ili vistari vilingane katika skeli zote. Mstari wa kati ukionekana haukatiki, ama LTSCALE ni kubwa kiasi kwamba kistari kimoja kimeumaliza mstari wote, ama ni ndogo kiasi kwamba mapengo yamemezwa. Kuza skrini ujue ni lipi.

Gawa mistari kwa leya, yaani matabaka ya mchoro, kila aina na leya yake, unene ukiwekwa kwenye leya badala ya mstari mmoja mmoja. Unapochapa tumia monochrome.ctb, faili la mtindo wa uchapaji linalotoa mistari yote kwa rangi nyeusi. Ukiiacha, leya ya njano itatoka kijivu hafifu kwenye karatasi ingawa kwenye skrini nyeusi ilikuwa inang'aa. Chapa nakala moja kwa ukubwa halisi, pima duara la 120 kwa rula, kisha piga picha ya karatasi hiyo kwa simu na uikuze. Usipoweza kutofautisha mnene na mwembamba kwenye picha hiyo, ongeza jozi nzima iwe 0.7 na 0.35 kabla ya kuituma karakana.